Mkalimani wa Sindano

Mwishoni mwa Novemba shangazi alinipigia simu alfajiri, hata nafasi ya kumwamkia hakunipa. "Mwanangu, kompyuta inagonga." Nikamuuliza inagongaje. Akaisogeza simu karibu na kava, nami nikasikia mwenyewe: tik, tik, tik, kimya, tik, tik, tik, kimya. Fundi yeyote wa kompyuta anaujua mlio huo. Ni kichwa cha kusomea ndani ya hadi diski kinachotafuta mahali pake, kinapakosa, kinarudi mwanzo na kutafuta tena, na kila safari kinaweza kukwaruza kile kilichobaki. Nilimwambia aizime pale pale, asiiwashe hata kwa dakika moja mpaka nifike.

Shangazi ana chumba cha kudarizi Kariakoo, ghorofa ya pili, dirisha linatazama mabati ya maduka. Kazi yake kubwa ni nembo za shule: ngao, kitabu kilichofunguliwa, mwenge, jina la shule limezunguka juu na kaulimbiu imekaa chini. Miezi mingine anadarizi hiki na kile, kofia, majoho ya kwaya, fulana za makampuni. Ikifika Desemba sweta zinaingia kwa magunia, kwa kuwa shule hufunguliwa Januari na hakuna mzazi anayetaka mwanawe arudishwe nyumbani kwa kukosa nembo kifuani. Mashine yake ilitengenezwa na kampuni ya Tajima ya Japani. Ina kichwa kimoja na sindano tisa, ni nzito kiasi kwamba vijana wanne walitoka jasho kuipandisha ngazini, na imekuwa ikishona tangu mimi nasoma sekondari. Hupakwa mafuta kila asubuhi kabla ya chai. Haijawahi kumwangusha.

Lakini mashine hiyo ina mlango mmoja tu wa kupokelea kazi, nao ni draivu ya disketi. Disketi zenyewe huandikwa na kompyuta iliyo pembeni yake: Pentium II ya megahezi 350, rami megabaiti 64, hadi diski ya gigabaiti 6.4, na mfumo endeshi wake ni Windows 98. Hiyo ndiyo iliyokuwa inagonga.

Wateja wakiiona kompyuta ile huuliza kwa nini shangazi hanunui mpya. Ni swali la haki, hata mimi nililiuliza kabla yao. Ili kulijibu inabidi kwanza kujua kilichomo ndani ya disketi.

Mashine ya kudarizi haijui picha. Haijui ngao wala mwenge. Inachojua ni kusogeza fremu iliyobana kitambaa, kushusha sindano, kusogeza tena, kushusha tena. Kwa hiyo faili linalopelekwa kwake ni orodha ndefu ya hatua: nenda kulia kiasi hiki, panda kiasi hiki, shona. Muundo wa faili wa Tajima, unaojulikana kwa herufi DST, hupima kila hatua kwa sehemu za kumi za milimita, na kila mshono huchukua baiti tatu, basi. Ndani ya baiti hizo mwendo wa fremu haukuandikwa kama namba ya kawaida. Umeandikwa kwa vipande vitano, 81, 27, 9, 3 na 1, na kila kipande kinaweza kujumlishwa, kutolewa au kuachwa.

Muuza duka wa zamani, mwenye mizani ya sahani mbili, angeelewa mara moja. Mpe mawe matano yenye uzito huo, mruhusu kuyaweka upande wowote, naye atakupimia uzito wowote kamili kuanzia 1 hadi 121. Akitaka kupima 50, jiwe la 81 linakaa sahani hii; mawe ya 27, 3 na 1 yanakaa sahani ya pili pamoja na bidhaa. Mashine nayo hufanya hivyo hivyo: kusogea milimita 5, yaani sehemu 50, ni 81 toa 27 toa 3 toa 1. Ukijumlisha mawe yote unapata 121, ndiyo maana mwendo mmoja katika DST hauwezi kuzidi milimita 12.1. Anayetaka kwenda mbali zaidi huruka kwa hatua kadhaa. Siku nilipoelewa jambo hili nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya mashine na kalamu mkononi, nikainuka kumwita shangazi aje aone. Alitazama hesabu zangu, akatikisa kichwa taratibu. Yeye alikuwa akiujua mpaka ule kwa vidole miaka yote: mshono ukirefushwa mno hulegea, na mtoto akivaa sweta unanasa kwenye begi.

Nembo ya kawaida ya shangazi ina mishono kama 9,000. Zidisha kwa tatu, ongeza baiti 512 za utangulizi wa faili, unapata baiti 27,512. Disketi anazotumia ni za ujazo mdogo, kilobaiti 720, na moja hubeba nembo zaidi ya ishirini. Picha moja ya simu ya siku hizi isingeenea humo. Utangulizi ule wa baiti 512 hutaja jina la nembo, idadi ya mishono, na rangi hubadilishwa mara ngapi. Rangi zenyewe hauzitaji. Faili linaiambia mashine isimame na ibadilishe uzi. Nyekundu ipi, kijani cha majani au cha chupa, hakuna mahali palipoandikwa.

Imeandikwa kwenye kaunta buku. Shangazi ana kaunta buku moja nene yenye jalada jeusi, na kila shule ina ukurasa wake: mstari wa kwanza jina la faili, kisha rangi kwa mpangilio wa kushonwa, na pembeni ya kila rangi kipande cha uzi kimebandikwa kwa selotepu. Disketi zote zikipona na kaunta buku ikaungua, nembo zote zitashonwa kwa rangi za kubahatisha. Nakitaja kitabu hicho mapema kwa sababu nitakirudia.

Programu ya kuchorea nembo ilinunuliwa pamoja na mashine. Ilikuja na kifunguo, kidude cha plastiki cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kwenye tundu la printa, lile lenye pini 25 nyuma ya kompyuta. Programu ikiwashwa hupeleka swali kupitia tundu hilo, kifunguo kikijibu, inafunguka, kisipojibu, inajifunga. Walioitengeneza walikuwa wanazuia wizi, na siwalaumu, ila walifunga ndoa kati ya programu na tundu ambalo leo halipo kwenye laptopu yoyote dukani.

Hapa ndipo umri wa mfumo endeshi unapogeuka kuwa na maana. Windows 98 ilianza kuuzwa tarehe 25 Juni 1998, na chini yake bado ilikuwemo MS-DOS, mfumo wa siku ambazo programu moja ilikuwa na kompyuta nzima peke yake. Ni nyumba yenye jiko wazi. Programu ikitaka chumvi inaingia jikoni yenyewe na kuchukua: inaweza kuongea na tundu la printa au na draivu ya disketi moja kwa moja, bila kumwomba mtu. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ni ya ukoo mwingine, ukoo wa Windows NT, na humo jiko limefungwa. Anayetaka chumvi humwomba mpishi, na mpishi huleta vile anavyovijua. Kwa usalama nyumba hiyo ni bora mara nyingi: programu moja ikichanganyikiwa haiangushi nyumba nzima, na kila aliyetumia Windows 98 analikumbuka anguko hilo kwa skrini yake ya buluu. Lakini programu ya shangazi haikufundishwa kumwomba mpishi, na aliyeweza kuifundisha aliacha kuishughulikia zamani.

Niliwahi kujaribu kuihamisha. Kisakinishi chake kiliandikwa kwa biti 16, na Windows za biti 64 hazifungui kabisa programu za namna hiyo. Nikatengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu yangu, nikaweka Windows 98 humo. Iliwaka vizuri, kisha ikatafuta kifunguo mahali pasipo na kitu. Nilinunua adapta ya USB yenye tundu la pini 25. Ikawa inajua kuongea na printa tu. Draivu ya disketi ya USB ilizisoma disketi za 1.44 bila shida, zile za 720 ikazikataa. Kila kifaa kipya kilikuwa kizuri kwa kazi yake, na kila kimoja kilikuwa kimesahau neno moja ambalo mashine ya Japani ilihitaji kulisikia.

Mashine mpya ya kudarizi ingeondoa tatizo lote, hilo ni kweli. Ingegharimu mamilioni ya shilingi, na shangazi angeyarudisha nembo moja moja kwa miaka, ili kuchukua nafasi ya chuma ambacho hakina ubovu wowote. Sikuweza kumshauri hivyo, na bado siwezi.

Wala jambo hili si la chumba cha Kariakoo peke yake. Tarehe 7 Novemba 2015, siku ya ukungu, uwanja wa ndege wa Orly karibu na Paris ulisimamisha safari kwa muda kwa sababu kompyuta iliyotumika kuwapa marubani habari za hali ya hewa kwenye njia za kurukia ilikuwa imekwama. Mfumo ule, uitwao DECOR, ulikuwa ukiendeshwa na Windows 3.1, ya mwaka 1992. Huko San Francisco, treni za Muni zinazopita chini ya ardhi zimeongozwa tangu 1998 na mfumo unaopakiwa kila asubuhi kutoka disketi za inchi tano na robo, na mwaka 2024 jiji likaidhinisha mkataba wa kuubadilisha. Habari ya Orly nimeisoma mara nyingi. Kilichonigusa humo ni kauli ya chama cha wafanyakazi kwamba waliobaki wenye ujuzi wa kuushughulikia mfumo ule walikuwa watatu tu, na mmoja wao alikuwa anakaribia kustaafu. Nilipoisoma niliwahesabu wanaoijua kompyuta ya shangazi. Nilikuwa mimi peke yangu.

Siku ile ya simu nilifika saa tatu asubuhi. Ndani ya kava kulikuwa na ufumwele wa nyuzi za rangi zote, kama kiota cha ndege. Sikuiwasha. Hadi diski inayokufa huuawa kwa njia mbili: kuiwasha na kuizima kwa matumaini, na kuiacha Windows iitengeneze. Windows 98 ikizimwa vibaya, tuseme umeme umekatika, hujianzishia ukaguzi wa diski ikiwashwa tena; kwa diski nzima ni jambo jema, kwa diski inayogonga ni kumkimbiza mgonjwa ngazini. Niliichomoa, nikaiunganisha kwenye laptopu yenye Linux kwa adapta, nikaanzisha programu iitwayo ddrescue.

Naipenda programu hii kwa jinsi inavyofikiri. Njia za kawaida za kunakili zikifika penye ubovu hung'ang'ana hapo hapo, na diski hufia mikononi mwao. Ddrescue hufanya kama mtu anayechambua mchele: kwanza huchukua kila kinachopatikana kirahisi, huruka penye mawe na kuandika pembeni iliruka wapi, kisha hurudi kwenye zile sehemu ngumu kidogo kidogo, mara kutoka mbele, mara kutoka nyuma. Kufikia saa nane mchana ilikuwa imechukua karibu kila kitu. Sehemu iliyobaki iliichukua jioni nzima na usiku. Feni ya dari ilizunguka, mlinzi wa jengo alipanda mara mbili kuuliza kama tutalala humo, shangazi akampa chai. Alfajiri zilibaki sekta 14 zisizosomeka, kila moja baiti 512. Nilitafuta zilikuwa za nani. Baadhi zilikuwa za sauti ya kuwakia ya Windows, nyingine zilikuwa tupu. Nembo zote zilikuwa zimepona. Shangazi alikuwa amelala juu ya rundo la sweta za buluu. Nilimwamsha kumwambia, akashika kichwa changu kwa mikono miwili kama nilipokuwa mtoto.

Sasa nembo zilihitaji pa kukaa. Hadi diski ya mtumba ina umri ule ule na itagonga vile vile, kwa hiyo nilichagua kadi ya CompactFlash, zile zilizotumika kwenye kamera kubwa. Kadi hizi zina sifa moja nzuri: zinaweza kuongea lugha ile ile ya IDE iliyozungumzwa na hadi diski za zamani, hivyo adapta yake ni kibao chenye njia za waya tu, hakina tafsiri yoyote ndani. Kadi haina kichwa cha kugonga. Haisikiki.

Ukubwa wa kadi nao ni jambo la kufikiriwa, na hapa wasaidizi wengi wenye nia njema huharibu. Mazabodi nyingi za wakati ule haziwezi kuhesabu diski kupita gigabaiti 8.4. Chombo cha kugawia diski cha Windows 98 hupotoka hesabu diski ikizidi gigabaiti 64, na mfumo wenyewe hauvuki salama gigabaiti 137. Anayemletea kadi kubwa ya bei kubwa anamletea shimo. Rami ni hivyo hivyo: ukiipa Windows 98 zaidi ya megabaiti 512, inaweza kukataa kuwaka, kwa kuwa sehemu yake inayotunza kumbukumbu ya muda hujitanua mpaka wengine wanakosa pa kukaa. Hata kasi inaweza kuwa sumu. Ndani ya Windows 95 kulikuwa na kipande kilichopima kasi ya kompyuta kwa kuzungusha hesabu na kugawanya kwa muda uliotumika. Chipu za AMD K6-2 zilipofikia megahezi 350, muda ukaonekana kuwa sifuri, na kugawanya kwa sifuri kukaangusha mfumo hata kabla haujamaliza kuwaka. Waliouandika hawakuwa wazembe. Waliandika kwa ajili ya kompyuta walizokuwa nazo mezani. Kumtunza mzee huyu ni kumpa kiasi alichozoea: kadi ya gigabaiti 8, rami ile ile, chipu ile ile.

Nilimimina nakala kwenye kadi, nikaichomeka, nikawasha. Skrini nyeusi, kistari kinapepesa, basi. Hapo jasho lilinitoka, nakiri. Baada ya kuzunguka sana nilikumbuka kwamba BIOS ya siku zile, yaani programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoiwasha kompyuta, ina namna zaidi ya moja ya kuhesabu diski, na kila namna huipa sekta ile ile anwani tofauti. Hadi diski ya zamani ilihesabiwa kwa namna iitwayo LBA. Kadi, ilipotambuliwa yenyewe, ilihesabiwa kwa namna nyingine. Ni kama barua iliyoandikwa namba ya nyumba kwa kuhesabu kuanzia msikitini, na mpeleka barua akaanza kuhesabu kuanzia sokoni. Nilichagua LBA kwa mkono. Mawingu ya Windows 98 yakatokea, na shangazi akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie mlangoni.

Kazi haikuwa imeisha. Betri ndogo ya mazabodi, CR2032, ile inayofanana na sarafu, ilikuwa imebaki na nguvu kidogo mno. Betri hiyo ikifa kompyuta husahau tarehe, na pia husahau uliiambia nini kuhusu diski, yaani ule uamuzi wa LBA ungepotea na skrini nyeusi ingerudi siku ya kazi nyingi. Niliibadilisha. Nilikagua kapasita za sapulai kama zimevimba juu, nikapuliza ufumwele, nikakaza kifunguo kwenye tundu lake. Nikahakikisha hakuna waya wa intaneti unaoingia humo. Windows 98 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 11 Julai 2006, na hata kabla ya hapo ilishapigwa vibaya: tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan Chen Ing-hau, kiliamka kwenye kompyuta za Windows 95 na 98, kikafuta mwanzo wa hadi diski na, palipowezekana, kikaharibu hata BIOS, kompyuta isiwake tena. Kilisafiri ndani ya programu zilizoambukizwa. Kompyuta ya shangazi hupokea mafaili ya nembo tu, kwa disketi, kutoka kwa watu anaowajua, na haijawahi kuona ukurasa hata mmoja wa mtandao. Iko vizuri hivyo.

Disketi ndizo zinazonipa wasiwasi mkubwa kuliko kompyuta yenyewe. Sony ilisimamisha kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011, na zile za kilobaiti 720 zilikuwa zimekwisha kuadimika zamani. Mafundi wengi hutumia ujanja: disketi ya 1.44 ina tundu la pili kwenye kona, na draivu hulitumia kujua ni ya aina gani; ukiliziba kwa selotepu, draivu inadanganyika na kuiandika kama ya 720. Inafanya kazi. Lakini utando wa sumaku wa disketi hizo si ule ule, unahitaji nguvu tofauti kidogo ya kuandikia, na maandishi yake huweza kufifia. Mwaka mmoja shangazi alikuta nusu ya nembo imeshonwa na mashine imesimama katikati ya mwenge, haijui pa kwenda. Tangu siku hiyo disketi ya selotepu hutumika kwa kazi ya leo tu. Zile halisi za 720, alizobaki nazo thelathini na mbili, zinakaa kwenye boksi la plastiki pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kwa kuwa joto la Dar es Salaam na hewa ya bahari hupandisha ukungu juu ya utando, na disketi yenye ukungu huchafua draivu, nayo draivu huchafua disketi inayofuata.

Iko njia ya kuachana nazo. Kuna kifaa kiitwacho Gotek, kinachokaa mahali pa draivu ya disketi na kujifanya ndiyo, kumbe ndani kinasoma flashi. Mashine haijui tofauti. Watu wa darizi duniani kote wanakitumia, na nimeshakinunua cha aina ya 720. Sikukifunga Desemba ile. Sigusi kitu kinachofanya kazi wakati magunia yamepangwa mpaka mlangoni. Kitasubiri masika, kazi ikipungua, tukijaribu kwa utulivu na draivu ya zamani ikiwa pembeni tayari kurudishwa.

Siku tatu baada ya kompyuta kupona nilikaa na shangazi na binti anayejifunza kazi kwake. Nikamwomba shangazi kaunta buku. Alisita kidogo, maana kitabu kile hampi mtu hovyo. Nikakigeuza, nikaanza kuandika kutoka nyuma, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Ukurasa wa kwanza: kuwasha na kuzima, na la kufanya umeme ukikatika. Wa pili: mlio upi ni wa kawaida, upi ni wa hatari. Wa tatu: betri, dalili zake, na maneno ya kuchagua ndani ya BIOS moja baada ya jingine kama yanavyoonekana kwenye skrini. Wa nne: kadi ya pili, nakala kamili ya ile ya kwanza, iko ndani ya bahasha, na namna ya kuzibadilisha. Wa tano ni wa disketi, wa sita ni wa kifunguo, wa saba ni wa Gotek. Binti alikuwa akinisimamisha kila nilipotumia neno la kifundi. "Kaka, kistari kinapepesa maana yake nini? Kiko wapi?" Nikafuta, nikachora skrini, nikachora kistari. Bahasha ya kadi, pamoja na betri mbili za akiba ndani yake, tukaibandika kwenye jalada la nyuma kwa selotepu ile ile ya nyuzi.

Kisha nikazima kompyuta, nikaitoa kadi, nikaiweka mezani, nikamwambia binti airudishe bila kuniuliza. Alisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Ilimchukua dakika arobaini. Shangazi alinishika mkono mara mbili nisiinuke kumsaidia.

Desemba ile sweta zote ziliondoka kabla ya shule kufunguliwa. Masika ilipofika tulikifunga kifaa cha Gotek, kikakubali, na draivu ya zamani ipo kabatini imefungwa kwenye nailoni. Kompyuta imebaki, kwa kuwa programu na kifunguo chake vimebaki humo, na kila nembo mpya bado huchorwa kwenye skrini ile ya kioo kinene.

Mwezi Agosti binti alinipigia.

"Kaka, shikamoo. Skrini inasema mwaka ni 1998, na inasema hakuna diski. Ukurasa wa tatu unasema ni betri."

Nikamwambia akishaweka mpya, aingie BIOS na kuchagua…

"LBA," akasema. "Nimeshaichagua, mawingu yametokea. Nilitaka kukuuliza betri za akiba zinauzwa wapi, maana imebaki moja, nayo nataka irudi kwenye bahasha."

Nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa inashona.